Acha Ilie

Siku mliyoniaga pale karakana mlinipa saa ya ukutani. Asanteni. Nimeitundika sebuleni na nimeitoa betri, kwa sababu inagonga, na mtu aliyefundishwa kazi na Japuonj Ouma hawezi kunywa chai karibu na kitu kinachogonga. Mke wangu anasema huo ni ugonjwa. Labda. Lakini kwa kuwa mlinisumbua niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau, na kwa kuwa sasa sina kisingizio, nimeketi. Vyeo sitaviandika. Havikuwa vingi na hakuna hata kimoja kilichowahi kufungua nati. Nitaandika habari za pikipiki, na zaidi za pikipiki moja, kwa maana hakuna iliyowahi kunikasirisha kama ile, hata nikihesabu hizi zenu za siku hizi ambazo plastiki ni nyingi kuliko chuma.

Nilianzia Homa Bay, miaka ya tisini ikiwa bado michanga. Japuonj kwa Kijaluo ni mwalimu, na ndivyo kila mtu pale ufukweni alivyomwita Ouma, hata waliomzidi umri. Alikuwa na banda la mabati karibu na mahali boti za Mfangano zinaposhusha samaki. Asubuhi alitengeneza injini za boti, mchana pikipiki, na siku nzima aligombana na watu. Siku ya kwanza nilifika na ovaroli mpya niliyoshonewa na mama. Akaitazama kutoka juu hadi chini.

"Omera, ndugu yangu, umekuja kuoa?"

Kisha akaniketisha juu ya debe, akawasha injini ya boti iliyofungwa kwenye pipa la maji, akasema, "Winji. Sikiliza. Inasema nini?"

Nikasema inanguruma.

"Hata simba ananguruma. Nimekuuliza inasema nini."

Basi ikawa hivyo siku baada ya siku. Spana sikushika. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wameshaajiriwa mahali wanalipwa, mimi nakaa juu ya debe nasikiliza kama mtu aliyeshtakiwa. Nilimchukia mzee yule kwa moyo wangu wote. Halafu asubuhi moja pikipiki ilipita barabarani, nikajikuta nasema, bila kuulizwa, "Tapeti." Japuonj hakuinua hata kichwa. Alinirushia spana.

Nielezee tapeti, kwa sababu najua kuna wengine wenu mnaipita kama hamjaiona. Juu ya silinda kuna vali, na kila vali inasukumwa na mkono mdogo wa chuma. Kati ya mkono na vali pana nafasi ndogo sana, ndiyo hiyo tunaiita tapeti. Nafasi ikikosekana, vali inaungua. Ikizidi, injini inagonga: tak, tak, tak. Vipimo vya dukani vilikuwepo lakini Japuonj hakuviamini. Yeye alitumia wembe wa kunyolea ndevu. Ukipita kwa kusitasita, nafasi ni sawa. Ukipita kama uko barabara kuu, rudia kazi. Wembe huo alikaa nao kwenye mfuko wa shati, umekunjwa ndani ya karatasi yake, na hakuna injini iliyotoka bandani kwake bila kupimwa.

"Injini ikigonga," alisema, "inakwenda ikikusengenya njia nzima. Watu wanasikia. Wanauliza, ni nani huyo fundi?"

Nimeishi na maneno hayo mpaka nimestaafu. Ndiyo sababu ya saa.

Baadaye nilipata kazi Migori, kwenye karakana ya kampuni moja ya tumbaku. Maafisa wa shambani walikuwa na pikipiki za kuzungukia wakulima, nasi tulikuwa wa kuzifufua. Afisa anafika anasukuma, jasho linamtoka, anasema, "Fundi, imezima tu, sijui nini." Unafungua tangi, kavu. Mwingine anasema mnyororo una shida, unakuta bua zima la mahindi limezungushwa kwenye sproketi, ile gia ya meno inayovuta mnyororo, na majani yake, na yeye haoni aibu. Nawaambia ninyi mliobaki: angalieni mafuta kwanza, halafu plagi, halafu ndiyo msikilize mwenye pikipiki. Hivyo ndivyo nilivyoamini wakati ule. Mpangilio huo umenigharimu, na sasa nafika huko.

Ilikuwa msimu wa mvua, pikapu moja ikashusha chuma chakavu mlangoni kwetu. Nilidhani kimeletwa kuuzwa kwa kilo. Mwanamke aliyeshuka nacho alisema, "Hii ni pikipiki ya baba." Huyo alikuwa Boke, alikuwa akiuza mitumba soko la Kehancha, na ulimi wake ulikuwa umenolewa na wateja.

Ilikuwa pikipiki ya Kiingereza ya zamani sana, silinda moja, ya padri mmoja aliyerudi kwao akamwachia baba yake Boke. Mzee huyo, Mzee Mwita, alikuwa amefanya kazi josho la ng'ombe maisha yake yote, na pikipiki hiyo alikuwa ameiendesha miaka mingi kuliko padri. Sasa foku, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, ilikuwa imepinda mpaka gurudumu linatazama injini. Rimu imekunjika. Tangi limebonyea, honi imekuwa chapati, kifuniko cha juu ya vali kimepasuka. Nikamwuliza mzee mwenyewe kama yuko hai.

"Yuko hai, mkono tu umevunjika," Boke akasema. "Alikuwa anakimbilia ng'ombe."

Akanieleza. Ng'ombe wa Mzee Mwita walikuwa wameibwa. Ng'ombe hao ndio waliokuwa mahari ya kaka yake Boke, upande wa msichana walikuwa wameshakuja kuwaona na kuwakubali. Sasa habari zikaja kwamba ng'ombe wengi wamekamatwa karibu na mpaka na chifu amewaweka Ntimaru, wa Mwita wamo, lakini kuna mtu mwingine anadai ni wake. Mzee akaruka juu ya pikipiki na mvua ile, akaingia ndani ya kalvati, ule mfereji unaopita chini ya barabara. Chifu naye ametangaza baraza la mwisho wa mwezi, kila mtu aje aonyeshe walio wake. Atakayeshindwa kuonyesha, amepoteza.

"Kwa hivyo baba anataka pikipiki iwe imepona kabla ya baraza."

"Dada, si apande gari?"

"Gari haitasaidia. Amesema lazima aende na hii."

Nikajua ni ukaidi wa wazee. Kwa nini lazima, hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Niliitazama ile foku nikaona kijana asiye na mke, nikasema nitajaribu.

Siku chache baadaye Mzee Mwita akaja mwenyewe, mkono umefungwa plasta, kofia imemfunika mpaka kwenye nyusi. Mwembamba, hacheki. Mimi Mjaluo, yeye Mkuria, kwa hiyo tulikuwa na Kiswahili cha kugawana, na chake kilikuwa cha josho, cha maneno machache ya kuamrisha. Akaizunguka pikipiki polepole, akalishika tangi kwa ule mkono mzima.

"Mura," akaniita, ndivyo wanavyomwita kijana, "tengeneza yote. Lakini ile inalia, wewe usisumbue. Acha ilie."

Nikaitazama honi iliyogeuka chapati. Maskini, nikafikiri, hajaiona vizuri. "Italia, Mzee, usijali."

"Ilie vile inalia."

"Vile vile kabisa."

Akaridhika. Nikaridhika. Sijawahi kuelewana na mteja vizuri namna ile.

Kisha mateso yakaanza. Spana zangu hazikuingia. Pikipiki ile ilipimwa kwa inchi, za kizamani, na spana zote za Migori zilikuwa za milimita. Na si mimi wa kwanza kugundua hilo. Kila fundi aliyewahi kuigusa alikuwa amegundua, na kila mmoja alikuwa amefanya dhambi ile ile: badala ya kutafuta spana inayotosha nati, alichukua tupa akaisugua nati mpaka itoshe spana yake. Nati zilikuwa zimesuguliwa na huyu, zikasuguliwa tena na yule, mpaka nyingine zilikuwa mviringo kama punje ya mtama. Moja haikuwepo kabisa. Mahali pake palifungwa mpira wa blada na kumwagiwa rangi nyeusi ili padanganye. Nilitukana kwa lugha tatu.

Aliyenisaidia ni mwanamke mmoja aliyeleta mahindi yake kusagwa. Nilikuwa nimekwenda Kehancha kutafuta spana, nimekaa kwenye ngazi ya duka nimeshika tama. Akasikia shida yangu, akasema, "Si uulize pale kinuni? Ile injini ya kusaga pia ni ya wazungu wa zamani." Nikaenda. Ile injini ya dizeli ilikuwa rika la pikipiki, labda walisafiri meli moja, na ukutani zilitundikwa spana za inchi, seti nzima, zimepakwa mafuta.

Mwenye kinu akakataa zisitoke nje ya mlango wake. Nikamsihi. Akasema spana zake hazilali nje, kama nazihitaji nije nazo hizo takataka zangu hapo. Basi nikaomba likizo ya mwaka kwa meneja, nikahamishia pikipiki Kehancha, nikatumia likizo yangu nyuma ya kinu cha mahindi. Mke wangu wakati ule hakusema ni ugonjwa, alisema maneno mengine.

Mmeshawahi kufunga injini ndani ya vumbi la unga? Msijaribu. Unapaka grisi kwenye beringi, ukigeuka kuchukua kitambaa, ukirudi umepata ugali. Niliosha vyuma kwa mafuta ya taa, nikavifunika kwa gunia lililolowa, nikafunga kimoja kimoja nikiwa nimejifunika shuka kama mgonjwa anayefukizwa. Kinu kikianza kusaga natoka, kikinyamaza narudi. Na kulikuwa na foleni ya akina mama, kila siku, na kila mmoja alikuwa na ushauri. "Hilo gurudumu limekaa upande." Nalijua, mama. "Mbona hiyo imebaki?" Haijabaki, mama, bado zamu yake. "Mume wa dada yangu angemaliza jana." Basi mwiteni.

Foku niliinyosha kwa jeki ya trekta. Unaibana chini ya kitu kisichosogea, unapandisha jeki kidogo, unaacha ipumue, unapandisha tena. Ukiharakisha chuma kinapasuka, hapo umemaliza kazi kwa njia mbaya. Kitu kisichosogea kilikuwa boriti ya kinu. Ikasogea. Mwenye kinu akatoka na fimbo. Tangi nililipeleka kwa mchomeaji, na hili mlishike: jaza tangi maji mpaka shingoni kabla moto haujalikaribia. Yule mchomeaji alitaka kulichoma hivi hivi huku linanuka petroli, tena na sigara mdomoni. Nilimnyang'anya tangi nikalijaza mwenyewe, naye akaninunia mpaka nilipoondoka.

Magineto, kile kiungo kinachotoa cheche, kilikuwa kimekunywa maji ya kalvati. Nikakituma Homa Bay kwa Japuonj, kwa sababu hakuna mtu aliyejua vitu vilivyozama kuliko yeye. Injini za Mfangano zilimfikia zikiwa na dagaa ndani. Kilirudi kikiwa kimesukwa waya upya, na aliyekileta alipewa maneno ya kuniambia: "Sema na Okoth, akishafunga asisahau wembe."

Sikusahau. Injini ilipokuwa tayari niliweka kifuniko kipya, nikanunua wembe dukani, nikapima tapeti. Zilikuwa zimelegea vibaya sana, ajabu jinsi mzee alivyovumilia kelele zile. Nikazikaza. Wembe ukapita kwa kusitasita. Halafu nikatengeneza honi. Nisikilizeni vizuri: asubuhi nzima niliyokuwa nayo, kuku wa majirani wakinitazama, nilikaa nagonga ile honi iliyolala, nikanyosha bati lake, nikasuka waya wake, mpaka ikalia.

Mzee Mwita aliletwa na Boke siku moja kabla ya baraza. Akina mama walitoka kwenye foleni kuangalia. Nikapiga kiki mara ya kwanza, kimya. Ya pili ikashika. Ndugu zangu, ilikuwa tamu. Ilinguruma kwa upole, hakuna chuma kilichogusa kisichotakiwa kugusa. Japuonj angeketi chini akalia. Mama mmoja akasema, "Imepona." Nikabonyeza honi, kuku wakatawanyika, nikamgeukia Mzee nikingoja shukrani.

Alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza.

"Mura," akasema, "inalia wapi?"

Nikabonyeza tena.

"Si hiyo. Hiyo ni honi."

"Ndiyo, Mzee. Honi. Uliniambia iache ilie."

"Honi haikulia toka padri aende." Akaikaribia injini, akaisogezea sikio. "Ile inalia hapa. Tak, tak, tak. Iko wapi?"

Kwa sababu nilikuwa bado sijaelewa, na kwa sababu nilikuwa na kiburi, nilimweleza kwamba ile ilikuwa ni ugonjwa na nimeuponya. Alimwambia Boke neno kwa Kikuria, Boke akapanda pikipiki nyuma yangu, tukashuka mpaka nyumbani kwao, Mzee akija nyuma kwa miguu. Chini ya boma kulikuwa na ng'ombe waliobaki, wale ambao wezi hawakuwafikia, wanakula majani. Tukapita karibu nao na ile injini yangu tamu. Hakuna aliyeinua kichwa. Mzee alipofika aliwatazama, akanitazama.

"Umeona? Hawanijui."

Hapo ndipo Boke alipofasiri, akicheka mpaka akaketi juu ya jiwe la kunolea panga. Baba yake kila jioni akitoka josho alikuwa akiwaletea ng'ombe chumvi, kwenye mfuko wa ngozi ulio ubavuni mwa pikipiki. Walikuwa wakisikia lile tak tak kutoka ng'ambo ya bonde, wanaacha majani, wanakuja. Ndama walizaliwa wakafuata mama zao, nao wakajifunza. Alama ya moto, mwizi anachoma nyingine juu yake. Sikio lililokatwa, analikata tena. Mashahidi wananunuliwa kwa pombe. "Lakini sauti," Mzee akasema kwa kile Kiswahili chake, "mwizi atafundisha lini?"

Huo ndio uliokuwa ushahidi wake wote wa kesho. Nami nilikuwa nimeukaza kwa spana za kinu.

"Mzee, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilisema ile inalia, usisumbue. Acha ilie."

Na kweli alisema. Hata mimi niliona kwamba alisema. Nilikasirika nikakosa pa kuipeleka hasira. Nikaipiga teke pikipiki, nikaumia.

Basi nikakaa palepale chini, nikafungua kifuniko, nikaanza kuharibu kazi yangu. Mnadhani kulegeza ni rahisi? Kukaza kuna kipimo. Kulegeza mpaka ifanane na ugonjwa fulani wa pikipiki fulani hakuna kipimo, kuna sikio la mzee mmoja. Nalegeza, nafunga, napiga kiki. Mzee amefumba macho.

"Hapana. Hiyo ni ya pikipiki ya polisi."

Nafungua tena, nalegeza.

"Hapana. Hiyo inakohoa."

Nafungua tena.

"Hiyo ni yangu, lakini ya asubuhi. Jioni ilikuwa nzito kidogo."

Nikamwambia Boke amwambie baba yake kwamba mimi ni fundi, si mpiga nyatiti. Boke akasema mwambie mwenyewe. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka nilipochukua kipande cha bati la kopo, nikakipitisha pale wembe ulipopita, nikalegeza mpaka bati nalo likapita, nikapiga kiki. Tak, tak, tak. Ilikuwa mbaya. Meno yaliniuma. Ng'ombe mmoja mwekundu, pembe moja imevunjika, akainua kichwa. Akatafuna kidogo, akaacha kutafuna. Akaanza kupanda kilima.

Mzee hakufumbua macho. "Funga hapo," akasema.

Ntimaru siku ya baraza watu walijaa. Ng'ombe walikuwa ndani ya ua wa miti nyuma ya ofisi ya chifu, wamechanganyika wote. Mdai mwenzake Mzee alikuwa bwana mmoja mnene mwenye koti, amekuja na mashahidi waliosema kitu kimoja kwa maneno yale yale, na kweli ng'ombe walikuwa na alama yake, mpya, bado ina kovu bichi. Mzee Mwita alipoulizwa mashahidi wake alinyosha kidole kwa pikipiki. Watu wakacheka. Yule bwana wa koti akacheka zaidi, halafu akasema la akili: hao watakuja kwa kuwa wanaiona chumvi, au wanamwona mzee, ng'ombe yeyote hukimbilia chumvi.

Chifu hakuwa mjinga. Akafungua mfuko wa ngozi mbele ya watu, akaukung'uta. Mtupu. Akamketisha Mzee Mwita katikati ya wazee mahali asipoonekana, kisha akaniambia mimi niisukume pikipiki mpaka nyuma ya madarasa ya shule, nisiwashe mpaka nifike, nije nayo kutoka huko.

Nikaisukuma. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Nilikuwa nimeinyosha pikipiki ile mifupa yote, nimekula unga wa Kehancha, nimepoteza likizo, na sasa nyuma ya shule ya watu ikaamua kupumzika. Niliiambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nikakumbuka mambo niliyowaambia ninyi hapo juu. Nikaangalia mafuta. Bomba la petroli nililifunga mwenyewe wakati wa kuisukuma. Nikalifungua, ikashika kwa kiki moja.

Tak, tak, tak. Nikazunguka ukuta wa darasa nikaja polepole, najua kila fundi aliye katika mkutano ule ananisengenya. Mwanzoni sikuona kitu, migongo tu ya ng'ombe. Halafu kichwa kimoja kikainuka. Kikafuata kingine. Wakaanza kujipenyeza katikati ya wenzao, wakisukumana, na hawakwenda kokote ila upande wangu, wakaja wakasimama kwenye miti ya ua wametoa pua nje. Wengine wote waliendelea kutafuna kama hakuna lililotokea. Yule bwana wa koti alisema jambo kuhusu uchawi, lakini alilisema taratibu.

Mzee Mwita akasimama kutoka kati ya wazee, akaja akawatazama. Kulikuwa na mtamba mmoja mweusi ambaye tangu asubuhi alikuwa akimdai kuwa wake. Huyo hakuja, alibaki nyuma amelala.

"Yule si wangu," akamwambia chifu. "Macho yangu yamedanganya."

Nadhani hilo ndilo lililomaliza kesi, kuliko hata pikipiki. Chifu akaamuru mlango wa ua ufunguliwe, waliokuja watoke. Walipotoka walinizunguka pale nilipokuwa, wakaanza kuulamba ule mfuko mtupu, mmoja akanilamba hata mguu. Nikamwambia Mzee hongera, sasa tuwafukuze twende nyumbani.

Akanikazia macho. Sijawahi kumwona amekasirika vile, hata kwa ajili ya tapeti.

"Twende wapi? Hawa wameitwa." Akaniwekea pesa mkononi. "Nenda dukani, nunua chumvi."

Nikaenda. Mke wa kaka yake Boke leo ana wajukuu. Lakini siku ile alikuwa msichana tu, anangojea ng'ombe ambao walikuwa wanakula chumvi ya jikoni katika viganja vya fundi aliyechafuka grisi, huku mkutano mzima ukimtazama.

Sasa nimalizie jambo lililoniuma zaidi. Plasta ilipotoka, Mzee Mwita akasema lazima amshukuru aliyeponya magineto. Akaniambia nimtangulie Homa Bay. Nilikuwa nimeketi bandani kwa Japuonj, tunakunywa chai, yeye ameinamia injini ya boti, nikaisikia kutoka mbali barabarani. Tak, tak, tak. Nikaomba Mungu ipitilize. Japuonj akaacha kazi. Akainua kichwa.

"Tapeti," akasema. "Ni nani huyo fundi?"

Pikipiki ikaingia mpaka mlangoni. Mzee Mwita akashuka, jogoo kwapani, wavuvi wote wakigeuka kutazama kelele zile, akampa Japuonj jogoo, akamshika mkono. Kisha akanishika mimi bega, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye boti:

"Huyu ndiye aliifunga. Wengine wote wanaifanya inyamaze. Huyu peke yake anaweza kuifanya ilie hivi."

Nilifungua mdomo nimweleze habari za ng'ombe, nikaona ni ndefu mno. Japuonj akatia mkono katika mfuko wa shati, akatoa wembe wake, ukiwa katika karatasi yake, akaniwekea kiganjani, akarudi kwenye injini ya boti.

Ninao mpaka leo. Pikipiki ile nimeifungua mara nyingi baada ya hapo, foku, klachi, ringi, kila kitu. Ule wembe haujawahi kuigusa.